Tableti za Bei ya Kutupa: Historia Ambayo Muuzaji Hatakuambia

Kila msimu wa watu kuripoti chuo, meseji zangu zinajaa picha ileile. Tableti ndani ya kabati la kioo, Oginga Odinga Street au pale Kondele, kadi ndogo ina bei ya zamani imekatwa kwa kalamu nyekundu na bei mpya chini yake imeandikwa kubwa. Halafu swali: "Buda, nichukue?" Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hivyo leo naandika yote mara moja. Na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu ukiona bei imeshuka na hujui ilishukaje, umeshauziwa.

Tarehe 1 Julai 2011, HP, wale wa printa na kompyuta, walitoa tableti inaitwa TouchPad. Ilikuja kupigana na iPad. Ile ya GB 16 ilianza kwa dola 499 na haikutoka dukani. Agosti 18, hata miezi miwili haijaisha, HP wakatangaza wanaacha. Wikendi hiyohiyo bei ikaanguka hadi dola 99, na kitu ambacho jana hakuna aliyekitaka kikaanza kupigiwa foleni. Sasa ona hapo: mashine haikubadilika hata kidogo. Kioo kilekile, betri ileile. Kilichoondoka ni watu waliokuwa nyuma yake. TouchPad ilitumia mfumo wake wenyewe, webOS, na baada ya siku ile ni nani angekaa chini kuutengenezea programu mpya? Januari 2015 HP wakazima hata seva zilizokuwa zinahudumia akaunti zake.

Lakini kuna kundi lililokula vizuri. Kufikia Oktoba 2011 vijana wa kujitolea wa CyanogenMod walikuwa wamepachika Android kwenye TouchPad, na kuna waliozidi kuipa matoleo mapya miaka mingi baada ya HP kuisahau. Dola 99 ileile ikawa bahati kwa mmoja na hasara kwa mwingine. Mmoja alijua ananunua maiti na alijua ataifufuaje. Mwingine alijua tu imepunguzwa dola 400.

Usidhani ni HP peke yao. iPad ya kwanza kabisa iliingia madukani Aprili 2010, na mfumo wake wa mwisho, iOS 5.1.1, ulitoka 2012. Miaka miwili! Nexus 7 ya Google na Asus ilitoka 2012 kwa dola 199, ikasifiwa kila kona, halafu ikapewa Android 5 na ikawa nzito kama mkokoteni wa saruji ukipanda Riat. Hizo zote bado zinawaka mpaka leo ukizipata. Kuwaka si kazi.

Turudi kwetu. Juni 2009 serikali iliondoa VAT kwenye simu, na mwaka huohuo nyaya za intaneti za chini ya bahari zikafika Mombasa. Muda mfupi baadaye kila msee alikuwa na Huawei Ideos, Android ya kwanza ambayo mtu wa kawaida Kenya angeweza kuinunua bila kuuza ng'ombe. Halafu mwisho wa Septemba 2012, CCK wakazima simu feki, karibu milioni 1.9 kwa mpigo. Mwaka uliofuata sheria mpya ya VAT ikarudisha ushuru wa 16% kwenye simu. Haya ni maoni yangu, lakini naona hapo ndipo mtumba wa elektroniki ulipopata nguvu: mpya imepanda, feki inazimwa, unabaki na ex-UK. Na ex-UK ni neno tamu. Linasema kifaa kilitoka wapi. Halisemi kwa nini mwenyewe alikiacha.

Tableti zenyewe, kwa wingi wa kweli, ziliingia mashinani kupitia mlango mwingine kabisa. 2013 Jubilee waliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Tenda ikafutwa baada ya vuta nikuvute, na 2016 ahadi ikarudi ikiwa na sura ya tableti, kazi ikapewa Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao wa nje. Zaidi ya vifaa milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Kama ulisoma shule ya umma huku kando ya ziwa, Seme, Nyakach, Bondo, Mbita, labda uliziona. Labda uliziona kupitia dirisha la stoo. Mahali pengi zilifungiwa humo kwa kuogopa wezi, au stima ilikuwa ya kubahatisha, au mwalimu hakufunzwa vya kutosha. Na Januari 2019 CBC ikaanza nchi nzima. Kifaa kilichopakiwa masomo ya 2016 hakiwezi kujisasisha chenyewe mahali hakuna mtandao. Hakuna aliyekivunja, lakini kilianza kuzeeka kikiwa kwenye boksi.

Linganisha na jirani. Tanzania walifanya sensa Agosti 2022 kwa tableti, wenyewe wanaziita vishikwambi (hata magazeti yetu ya Kiswahili siku hizi yanaandika hivyo, na mimi bado nacheka kidogo nikilisoma). Sensa ilipoisha, vifaa vile vilipewa walimu. Vimetumika, ndiyo, lakini mwenye kuvigawa alijua vina umri gani na vilifanya kazi gani. Mtumba ukiwa na historia inayojulikana ni kitu kingine kabisa.

Na kama unafikiri kitu kikubwa hakiwezi kuachwa katikati, kumbuka maputo. Julai 2020, tukiwa nyumbani kwa sababu ya Corona, Loon ya kampuni mama ya Google pamoja na Telkom Kenya walirusha intaneti kwa maputo juu ya magharibi na kati ya Kenya, Kisumu ikiwemo. Tuliangalia juu tukisema sasa tumefika. Januari 2021 wakatangaza wanafunga. Pesa za Google na zote, na bado miezi sita tu. Sasa tableti ya chapa ambayo hata jina lake hulijui, nani atakuwa anaitunza mwaka kesho?

Mtu ataniambia: lakini vitu vya zamani si hufufuliwa? MV Uhuru je? Sawa, tuongee MV Uhuru. Meli ile ilianza kazi ziwani 1966, ikakaa bandarini Kisumu zaidi ya miaka kumi bila kazi, na 2019 ikatengenezwa na kurudi majini kupeleka mafuta Port Bell, Uganda. Zaidi ya miaka 50 na inavuta mzigo. Tofauti ni hii: injini ya meli inafunguka. Fundi akiingia ndani anaona kilichooza, anachonga kingine, anafunga. Tableti nyingi zimefungwa kwa gundi, na mfumo wake umefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa kampuni. Fundi wako wa River Road ya Kisumu, unajua ninamaanisha wapi, anaweza kukubadilishia kioo na betri siku hiyohiyo. Hawezi kukuandikia Android mpya.

Hapo ndipo pesa za watu zinapotea. Binamu yangu wa Ahero alipata nafasi ya chuo, mamake akauza omena miezi kadhaa akapata elfu nane, wakaenda duka moja mjini, jina naliacha. Akatoka na tableti safi, haina mkwaruzo, imepunguzwa kutoka elfu ishirini. Android 6. Wiki ya kwanza ilionekana sawa. Halafu mlango wa wanafunzi wa chuo ukakataa kufunguka vizuri, programu ya benki ikasema kifaa hakikubaliki, na PDF za lekchara zikawa zinasubiriwa kama matatu ya saa sita usiku. Kilichokuwa kimezeeka ni mfumo, na mfumo hauonekani kwa macho ukiwa umesimama kaunta.

Hii mistari ya kukatwa ipo, na inasogea. WhatsApp waliacha kila Android iliyo chini ya 5 mnamo Oktoba 2023. Mwaka huohuo Google waliacha Android 4.4 kwa huduma zake za Play. Chrome nayo, tangu Agosti 2025, matoleo mapya yanataka Android 10 kwenda juu. Kwa hivyo tableti ya Android 9, hata ikiwa imetoka boksi leo na nailoni bado iko kwenye kioo, tayari iko upande mbaya wa mstari.

Pale Dunga hakuna mtu ananunua ngege kwa sababu ni bei rahisi jioni. Mama anafunua mashavu kwanza, anaangalia uwekundu, anabonyeza nyama. Fanya hivyo na tableti. Ingia kwenye mipangilio, tafuta toleo la mfumo, soma namba kwa macho yako, usisomewe. Kisha tafuta kwenye simu yako modeli hiyo iliishia toleo gani. Utashangaa. iPad Air 2 ya 2014 ilifika iPadOS 15, na hiyo bado inakubali WhatsApp ya iPad iliyotoka Mei 2025. Kitu cha 2014! Galaxy Tab A7 ya 2020 iliishia Android 12, bado inaishi. Na kuna tableti za majina ya ajabu za juzijuzi ambazo hazitawahi kupata sasisho hata moja tangu zizaliwe.

Kwa hivyo jibu langu kwa "nichukue?" linategemea kazi. Unataka ya kusoma PDF ulizopakua, kutazama filamu kutoka kadi ya kumbukumbu, mdogo wako achoree? Chukua ya zamani, lakini usilipe zaidi ya bei ya begi zuri la shule, na hesabu kwamba haitakuwa na mtandao salama. Ni ya masomo yote, HELB, eCitizen, benki, darasa la mtandaoni? Chini ya Android 12 au iPadOS 15 mimi singetoa hata mia tano. Ni heri simu ya mkononi nzuri na daftari. Najua kioo kidogo kinaumiza macho, lakini simu itakufikisha mwaka wa pili.

Na ukiamua kununua ex-UK au ya Marekani, mwambie muuzaji aifute kabisa mbele yako, aiwashe upya, aiunganishe na data yako. iPad nyingi zilikuwa mali ya shule au kampuni huko, na zikifutwa zinaamka zikiuliza mwenyewe: ujumbe wa usimamizi wa mbali, au akaunti ya mtu usiyemjua. Muuzaji akikataa kuifuta, akisema "hiyo iko sawa tu, niamini", rudisha mkono mfukoni. Akikubali, muulize pia chaja iko wapi. Zile iPad tatu za kwanza zinatumia pini 30, na kuipata hiyo Kibuye hata Jumapili ni bahati.