Mtu wa Mlangoni: Historia Fupi ya Nishati Safi Kibera na Kawangware

Leo naweka kando mambo ya programu na seva, tuzungumze historia kidogo. Kuna swali ambalo vijana wa hapa Ayany hupenda kuniuliza wakijua kwamba nilisomea kompyuta: "Kampuni ya sola inatafuta mawakala. Nyingine ya gesi pia. Je, kazi hiyo itanifikisha wapi?"

Swali zuri, na jibu lake linaanzia miaka zaidi ya 40 nyuma. Kazi ya kubeba nishati safi mlango kwa mlango si mpya hata kidogo. Kilichobadilika ni kile ambacho mwenye kuifanya anabaki nacho siku kazi ikiisha.

Kwa wasioijua Nairobi, Ayany ni mtaa wa nyumba za mawe ulio ndani ya Kibera, ukipakana na vibanda vya mabati. Ukivuka Barabara ya Ngong ukaelekea upande wa magharibi unafika Kawangware. Wakazi wengi wa sehemu hizi mbili wanapanga chumba kimoja, na pesa huingia kwa siku, si kwa mwezi. Shikilia jambo hilo, tutalirudia.

Tuanze na jiko. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu. Wakati huo familia nyingi za mjini zilipikia jiko la bati tupu, ambalo joto lake jingi huishia hewani badala ya kwenye sufuria. Kupitia mradi uliofadhiliwa na Marekani, wataalamu akiwemo Mkenya Max Kinyanjui walichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, wakatengeneza ganda la bati lenye kiuno chembamba na kuweka udongo wa kuchoma ndani yake. Likaitwa Kenya Ceramic Jiko. Likitengenezwa vizuri, liliokoa kati ya thuluthi na nusu ya makaa. Najua mtasema makaa ni makaa tu. Kweli, lakini kwa mama anayenunua makaa kwa mkebe, kuokoa thuluthi ni pesa ya unga.

Ninachotaka muone ni nani walilitengeneza. Walikuwa mafundi wa jua kali, hasa wa Shauri Moyo, pamoja na wafinyanzi waliotoa ule udongo wa ndani. Mchoro haukufungiwa kabatini. Fundi alitazama, akapima, akaiga, kisha akamfundisha kijana aliyekuwa akimkatia bati. Sisi watu wa kompyuta tungesema jiko hili lilikuwa kama programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuona ndani na kunakili. Ubaya wake ni kwamba majiko mabovu nayo yaliingia sokoni, udongo ukapasuka mapema na wateja wakalalamika. Uzuri wake ni kwamba kufikia katikati ya miaka ya 1990 jiko hilo lilikuwa katika zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya, na aliyeanza kama kibarua wa kugonga bati alitoka na ufundi kamili.

Sola nayo ilianza hivyo hivyo, ila mbali na Nairobi. Mnamo 1984 na 1985 Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, walifunga taa za sola katika Shule ya Sekondari ya Karamugi huko Meru. Wangeweza kuleta mafundi kutoka mjini, wafunge na kuondoka. Badala yake waliwafundisha vijana wa hapo hapo kuunganisha waya, kutunza betri na kuhesabu wati. Vijana hao wakaendelea kufungia watu majumbani kwa malipo. Sehemu kubwa ya biashara ya sola Kenya ilikua kwa mikono ya mafundi wa aina hiyo, muda mrefu kabla serikali haijaweka kanuni yoyote juu yao.

Hapa Kibera, katikati ya miaka ya 2000, kikundi cha Kibera Community Youth Programme kilikuwa kikiunganisha paneli ndogo za kuendesha redio na kuchaji simu. Walikata kioo, wakaunga waya, wakapima volti, wakauza. Paneli zilikuwa ndogo, na soko pia dogo. Lakini kijana aliyekaa kwenye meza ile alijua kwa nini paneli inafanya kazi, na ikikataa alijua pa kuanzia.

Stima ya gridi ina funzo lake. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa kama hii walitumia sambaza, yaani stima ya kuunganishwa kwa njia za panya, unayomlipa mtu kila mwezi bila mita. Kenya Power ilikuwa ikija kukata nyaya, na wakishaondoka tu nyaya zinarudishwa. Mbinu ikabadilika. Mita za tokeni zikaletwa, ada ya kuunganishwa ikawekwa shilingi 1,160 kwa msaada wa Benki ya Dunia, na wahusika wakaanza kuzungumza kwanza na wakazi na viongozi wa mtaa. Kati ya Mei 2014 na Mei 2015, nyumba zilizounganishwa kihalali katika mitaa ya aina hii nchini zilipanda kutoka 5,000 hadi zaidi ya 150,000. Mita za tokeni zilikuwa zikijulikana tangu zamani. Kilichoongezeka ni bei inayofikika na mtu wa kusimama mlangoni na kueleza akaaminika. Sambaza haikuisha, lakini hesabu hiyo inasema mengi.

Sasa tufike kwenye zama zetu sisi watengenezaji programu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na ikawezekana kulipia kitu kwa simu bila kupanga foleni mahali. Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza sola kwa mkopo, kwanza kwa nyumba za vijijini zisizo na stima. Ulitoa kianzio cha shilingi elfu mbili na kitu, kisha shilingi 40 kila siku kwa mwaka mmoja. Ndani ya kile kisanduku kulikuwa na laini ya simu inayowasiliana na seva. Umelipa, taa zinawaka. Hujalipa, seva inafunga. Wazo hilo hilo liliingia kwenye gesi. M-Gas, kwa mfano, iliweka mita juu ya mtungi, ukanunua gesi ya shilingi chache kwa simu, bila kutafuta pesa za mtungi mzima kwa mpigo.

Siwezi kulibeza jambo hili. Kumbuka nilichosema mwanzoni: mtu anayepata pesa kwa siku anahitaji kulipa kwa siku. Mfumo huu ulilielewa hilo kuliko benki yoyote, na umewasha taa mahali ambapo jiko la jua kali na paneli za kuunga kwa mkono zisingefika.

Lakini tazama kazi ya mlangoni imekuwaje. Kisanduku kimefungwa, na programu iliyo ndani yake haionekani. Wakala wa siku hizi hupewa fulana, simu na programu ya kusajili wateja, na mara nyingi hulipwa kwa komisheni. Haruhusiwi kukifungua kifaa anachokiuza. Seva ikizima taa saa mbili usiku, mteja hamjui aliyeandika programu. Anamjua jirani yake aliyemuuzia. Seva haitukanwi, anayetukanwa ni wakala. Na kampuni ikifunga ofisi au ikibadilisha biashara, fundi wa Karamugi alibaki na ufundi, lakini wakala anabaki na fulana.

Je, basi tuikatae kazi hii? La. Ni mlango halali wa kuingilia, hauhitaji digrii, na anayeweza kuuza gesi ghorofa ya nne Kawangware anaweza kuuza chochote. Ushauri wangu ni kuingia macho yakiwa wazi. Kabla ya kuweka sahihi uliza mambo matatu. Kwanza, kuna mshahara wa msingi au ni komisheni tupu? Pili, mteja akiacha kulipa, hasara inakatwa kwa nani? Tatu, nitafundishwa kutengeneza au kusajili tu?

La tatu ndilo zito zaidi. Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka leseni za mafundi kwa madaraja, T1 hadi T3. Katika kanuni hizo T1 ilikuwa ya kuanzia, kwa mifumo midogo ya hadi wati 100, na leseni za mafundi wa sola ziko chini ya mamlaka ya nishati, EPRA. Leseni hiyo ni yako, si ya mwajiri. Ukipata komisheni za miezi ya kwanza, weka kando za kusomea hiyo kabla hujanunua simu mpya.

Na ninyi wenzangu mnaoandika programu za hivi vifaa, nina ombi moja. Mpeni wakala ukurasa unaoonyesha kwa nini taa imezimwa, betri ina hali gani, na hatua za kupima. Ni kazi ya siku chache kwenye kompyuta yako. Kwake yeye ni mwanzo wa ufundi, na jibu la kumpa jirani anayegonga mlango usiku.

Haya, tukutane tena wiki ijayo tukirudi kwenye mambo ya seva.