Huko Tuna Nani? Familia Changa na Mji Mdogo: Lushoto, Albinen, Kamiyama

Mwalimu kijana akipangiwa kazi Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, swali la kwanza nyumbani kwao halihusu kodi ya nyumba wala umbali wa shule. Huulizwa: huko tuna nani? Ukoo unapekuliwa, wanaulizwa waliosoma naye chuoni na wenzake wa kanisani au msikitini, mpaka apatikane binamu wa shemeji anayeuza kabichi Soni. Huyo ndiye atakayempokea stendi na kumlaza siku za mwanzo. Ndiye atakayemtafutia mwenye nyumba asiyedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kumfikisha ofisi ya serikali ya mtaa akajitambulishe. Mji haujakaguliwa, lakini mtu wa kuingilia amepatikana.

Albinen, kijiji cha mlimani katika jimbo la Valais, Uswisi, kilichagua njia nyingine kabisa. Ni mahali ambapo watu walizoea kwenda kwa majirani zao wa Leukerbad kwa kupanda ngazi za mbao zilizoegemezwa kwenye majabali. Mwaka 2017 wanakijiji, ambao hawazidi mia mbili na kitu, walipiga kura kuzisaidia familia changa: faranga 25,000 kwa kila mtu mzima na 10,000 kwa kila mtoto. Anayeomba awe na umri chini ya miaka 45, anunue, ajenge au akarabati makazi yenye thamani isiyopungua faranga 200,000, na aishi humo miaka 10. Akiondoka kabla ya hapo, anazirudisha fedha. Habari ilipovuka mipaka ilisimuliwa kama vile kijiji kinagawa pesa bure, na maombi yakamiminika kutoka kila pembe ya dunia. Simulizi hiyo haikuwatendea haki wanakijiji. Walikuwa wameweka kwenye mkataba kitu ambacho Lushoto hukidai kwa undugu: ahadi kwamba anayekuja anakuja kuishi.

Japani ina njia ya tatu, nayo ilizaliwa na hofu. Mwaka 2014 jopo lililoongozwa na Masuda Hiroya lilitaja halmashauri 896 zilizo hatarini kutoweka kwa kupungukiwa na wanawake vijana. Halmashauri nyingi zikatenga nyumba za majaribio: familia inaishi humo kwa siku kadhaa au miezi, inapika, inafua, inapeleka watoto kucheza, kisha ndipo inaamua. Kamiyama, mji wa milimani mkoani Tokushima unaojulikana kwa ndimu za sudachi, ulikuwa umeanza mapema na kwa ujasiri zaidi. Ni mji unaouliza mgeni ana ufundi gani. Nyumba iliyo tupu inatengwa kwa ajili ya mwoka mikate, nyingine kwa fundi wa kazi nyingine inayokosekana. Mwaka 2011 waliohamia walizidi waliohama, jambo ambalo mji haukuwa umelizoea.

Tofauti hizi zina chanzo. Albinen na Kamiyama zinapungukiwa na watoto, ilhali Lushoto imejaa watoto. Mzazi wa Albinen huuliza kama kutakuwa na shule kabisa, kwa kuwa ya kijijini ilishafungwa na watoto wakawa wanapanda basi kwenda mji wa Leuk. Mzazi wa Lushoto anajua shule ipo; anachouliza ni darasa la kwanza lina watoto wangapi na madawati mangapi, hasa tangu sera ya elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 na uandikishaji ukapanda. Ndiyo maana hakuna halmashauri ya Usambara itakayomlipa mtu ahamie. Mji usio na njaa ya watu hauna sababu ya kubembeleza.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo naona Wajapani wametuzidi. Kwetu baba hutangulia. Anakwenda na godoro, jiko la mkaa na begi, anakaa muhula mzima, kisha anatuma nauli mama na watoto wafuate. Uamuzi unakuwa umeshapita. Mama anafika Lushoto na mtoto mgongoni, anakuta baridi ya Juni ambayo hakuna aliyemwambia, maji yanatoka kwa zamu, na duka lake la nguo aliloliacha mjini halina wateja huku. Nyumba ya majaribio inampeleka mama siku ile ile na baba, na jicho lake linahesabika kabla kodi haijalipwa.

Upande wa pili, hakuna mkataba wa Albinen wala nyumba ya Kamiyama inayoweza kufanya anachofanya yule muuza kabichi. Mtoto akishikwa na homa usiku, mwenyeji ndiye anayejua nani ana pikipiki, muuguzi gani yuko zamu hospitali ya wilaya, na nani atabaki na mtoto mkubwa. Ugonjwa ukizidi, safari ni ya hospitali ya Bombo, Tanga. Inaanza kwa kushuka zaidi ya kilomita 30 za kona hadi Mombo, barabara ambayo wakati wa masika huweza kufunikwa na udongo. Familia inayotaka kuujua mji huu ingefanya vyema kuja wote pamoja mwezi wa Aprili, wakati huo huo wa masika, wakafikia kwa mwenyeji wao badala ya hotelini.

Kuondoka nako kunahukumiwa tofauti. Albinen, kuvunja miaka 10 ni deni lenye hesabu yake. Kwenye nyumba ya majaribio ya Japani, anayerudisha ufunguo na kusema hapana ametimiza kusudi la nyumba hiyo, wala hadaiwi maelezo. Lushoto, anayeondoka kwa uhamisho wa serikali anaandaliwa chakula na kusindikizwa mpaka stendi. Anayeondoka kwa hiari yake, kwa sababu tu mji haukumfaa mkewe, bado ana safari ya kwenda Soni kumweleza mwenyeji.