Kuseti tapeti

Kuseti tapeti ni kupima na kurekebisha mwanya kati ya roka na ncha ya valvu iliyofungwa. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kabla ya lami, ilikuwa eneo la Land Rover, na injini yake ya petroli ya lita 2.25 ni mfano mzuri: mwanya ni milimita 0.25 kwa valvu zote 8, za kuingiza na za kutoa moshi.

Valvu huhesabiwa kutoka mbele. Injini huzungushwa kwa mkono mpaka valvu ya 8 ifunguke kabisa, ndipo ya 1 hupimwa. Ya 7 ikifunguka, hupimwa ya 2. Jumla ya namba hizo mbili daima ni 9. Fila geji, yaani bamba jembamba la kupimia mwanya, ipite kwa kukwaruza kidogo. Nati inayofunga skrubu ya kurekebishia ikishakazwa, pima tena, kwani skrubu huweza kuzunguka nayo. Wengi huharibu kazi hapo.

Mwanya mkubwa hugonga. Mdogo ndio hatari zaidi, ingawa injini huwa kimya: valvu haikai vizuri, mgandamizo huvuja, ya kutoa moshi huungua, na gari hukosa nguvu likipanda kutoka Mbamba Bay, ziwani, kwenda milima ya Umatengo upande wa Mbinga.