Asili ya Adobo ya Nguruwe katika Visiwa vya Ufilipino

Adobo ni nyama, mara nyingi ya nguruwe au kuku, inayopikwa taratibu kwa siki, kitunguu saumu, pilipili manga na chumvi au mchuzi wa soya, kisha ikaliwa kwa wali. Jina lake limetokana na kitenzi cha Kihispania adobar, ambacho maana yake ni kukoleza kwa viungo, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba kitoweo chenyewe kililetwa na Wahispania. Dhana hiyo haina msingi imara.

Nguruwe na wali vililiwa katika Visiwa vya Ufilipino kabla ya merikebu ya kwanza ya Ulaya kutia nanga. Antonio Pigafetta, Mwitaliano aliyesafiri na Ferdinand Magellan na kuandika habari za safari hiyo, aliandaliwa na mfalme wa kisiwa kimoja, mwaka 1521, nyama ya nguruwe yenye mchuzi pamoja na wali, na anakiri kwamba aliila nyama ingawa siku ile ilikuwa Ijumaa Kuu. Uzito wa wali katika maisha ya wenyeji unaonekana hata katika lugha, kwani Kitagalog, lugha ya Manila na mikoa jirani, hutofautisha palay, bigas na kanin kama vile Kiswahili kitofautishavyo mpunga, mchele na wali.

Siki nayo ilikuwa ya kienyeji. Utomvu wa mnazi uliogemwa, ambao Wafilipino huuita tuba na ambao wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua vyema kwa jina la tembo, ukiachwa muda mrefu huchacha hadi ukawa siki. Utomvu wa mnipa, mti wa jamii ya minazi unaoota kwenye matope ya mikokoni, hufanyiwa vivyo hivyo. Katika nchi ya joto isiyokuwa na majokofu, ukali wa siki pamoja na chumvi uliizuia nyama isiharibike upesi, na hapo ndipo ilipo asili ya upishi huu. Mtawa Mfransisko Pedro de San Buenaventura, aliyetunga kamusi ya Kitagalog iliyochapishwa mwaka 1613, alipokutana na upishi huo aliuita adobo ya wenyeji: aliazima jina la kwao kwa kitu alichokiona kinafanana na cha kwao, na jina hilo likaganda.

Mchuzi wa soya, yaani mchuzi mweusi wa chumvi utokanao na maharage ya soya yaliyochachushwa, uliletwa na Wachina waliokuwa wakifanya biashara na visiwa hivyo tangu kabla ya Wahispania. Leo umezoeleka mno hata adobo isiyotiwa soya, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya kale, imehitaji jina lake la pekee, adobong puti, yaani adobo nyeupe. Katika mkoa wa Batangas hutiwa manjano. Kwingineko hutiwa tui la nazi.

Nyumbani, nyama ya tumbo yenye tabaka za mafuta hukatwa vipande vinene na kuchemshwa katika viungo hivyo kwa moto mdogo, na wapishi wengi wa kale hukataza kukoroga kabla siki haijachemka, ili ukali wake mbichi upungue kwanza. Mchuzi ukishakauka, nyama hukaangika katika mafuta yake yenyewe. Ikilala hadi kesho yake huwa tamu zaidi.

Mwaka 2021 idara ya biashara na viwanda ya Ufilipino ilipotangaza mpango wa kuweka viwango vya upishi wa adobo, wananchi walipinga kwa hoja kwamba kila nyumba ina adobo yake, na idara ikalazimika kueleza kuwa viwango hivyo havingekuwa vya lazima kwa mpishi yeyote.