Nani Anamchangia Nani?

Kuchangia tunakujua sote. Tunachangia harusi, matanga, karo. Siku hizi grupu nyingi za WhatsApp ninazoongezwa bila kuulizwa ni za bili ya hospitali. Mimi hupenda kuuliza mambo yalianza lini, na hili lina tarehe: Desemba 1989.

Kabla ya hapo, tangu 1965, mgonjwa asiyelazwa hakulipa ada katika hospitali za serikali. Uhuru ulikuwa umetangaza vita dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, na hapo kwenye dirisha la dawa mwananchi aliiona ahadi kwa macho. Miaka ya themanini deni likatubana. Benki ya Dunia na IMF wakaja na masharti: punguza matumizi. Serikali ikaleta ada, ikasema wananchi wanachangia gharama.

Matokeo yalipimwa. Katika kliniki moja ya umma ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, wanaume waliofika walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali, wanawake asilimia 65. Ugonjwa haukuwa umepungua, ila pesa ndizo hazikuwepo. Na huo ulikuwa wakati ukimwi unasambaa, nao ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huurahisishia njia.

Ada ya usajili ilisitishwa 1990, kisha ada zikarudi kwa awamu. Mwaka 2004 zikashushwa: shilingi 10 kwa zahanati, 20 kwa kituo cha afya. Mwaka 2013 hata hizo zikaondolewa. Lakini bure bila dawa ni bure ya nini? Unaandikiwa karatasi, unaambiwa nenda kemisti. Mwenye bima nzuri wala haoni hiyo foleni.

Ndiyo maana hilo neno linaniuma. Katika harambee, wazima humchangia mgonjwa, na mwenye nacho hutoa zaidi. Mwaka 1989 mambo yaligeuzwa: mgonjwa ndiye aliyeichangia serikali, akiwa hana nguvu hata ya kwenda kibaruani. Misamaha ya maskini ilikuwepo kwenye karatasi, lakini ilibidi kwanza ujitetee mbele ya karani kwamba huna kitu.

Mchango wetu halisi ni kodi, na tunautoa hata tukinunua kredo. Kwa hivyo bajeti ikisomwa Juni, mimi hutafuta kwanza mstari wa afya. Huko ndiko bili za grupu zetu zinakoandikwa.