Kioo Kizuri ni Kile Kinajua Kuvunjika

Wasee, leo twende 1998 kidogo, halafu nitawarudisha hapa Uthiru.

Tata yangu, dadake mama, ana vipande vya kioo ndani ya mkono wa kushoto mpaka leo. Vidogo tu, kama mchele. Baridi ya Julai ikiingia, anavisikia. Alivipata Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, akiwa job tao, kwa ofisi ya ghorofa ya nne Haile Selassie Avenue. Mimi sikuwa nimezaliwa. Nimekua nikijua aliumizwa na bomu. Juzi ndio alinirekebisha: "Bomu sikuliona mimi. Mimi niliumizwa na dirisha."

Hiyo sentensi imekataa kunitoka kichwani, kwa sababu ni ukweli wa watu wengi sana wa siku hiyo.

Muda mfupi baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, kwa kona ya Moi Avenue na Haile Selassie. Mlinzi akakataa kufungua geti. Kukarushwa guruneti, risasi zikalia. Sasa fikiria uko ofisini hapo karibu na umesikia mlio. Utafanya nini? Si utaenda dirishani uone kunaendaje? Hivyo ndivyo watu walifanya. Sekunde chache baadaye bomu lenyewe likalipuka, na wengi walikuwa wamesimama uso kwa uso na kioo.

Watu 213 walikufa Nairobi. Waliojeruhiwa walikuwa kama 5,000. Jengo la Ufundi liliporomoka, na wengi wa waliokufa walikuwa humo na kwa ubalozi wenyewe. Lakini ukienda mtaa hadi mtaa kutoka hapo, kitu kilichokata watu ni vioo. Tume ya Marekani iliyoongozwa na Admirali William Crowe, iliyotoa ripoti Januari 1999, iliandika wazi kwamba vioo vilivyoruka viliumiza watu wengi, na kwamba wengi walikuwa wameenda madirishani baada ya ule mlio wa kwanza. Kuna Wakenya walipoteza macho hiyo asubuhi. Mmoja ni Douglas Sidialo, ambaye baadaye alipanda Mlima Kilimanjaro bila kuona.

Kitu inaniuma ni hii: kioo kisichofanya hivyo kilikuwepo tayari, tena kwa karibu miaka 90.

Rudi Ufaransa, 1903. Kuna msee anaitwa Édouard Bénédictus, msanii na pia mkemia. Chupa ya kioo inamwanguka kwa maabara. Inapasuka, lakini haitawanyiki. Anaiangalia vizuri, anapata kwamba ndani ilikuwa imebaki na dawa iliyokauka ikawa utando wa plastiki, na huo utando ndio umeshika vipande. Magari yalikuwa mapya wakati huo, na watu walikuwa wakikatwa nyuso na vioo kwa ajali. Akaunganisha mambo. Mwaka wa 1909 alipata hataza ya kioo cha matabaka: kioo, plastiki katikati, kioo. Hicho ndicho tunaita lamineti.

Wewe unakijua tayari. Ushawahi kukaa mbele kwa mathree ukaona kioo cha mbele kimepasuka kama utando wa buibui lakini bado kimesimama? Ni hicho. Kile cha kando kinachomwagika chini kama mahindi ni tempa, kioo kilichochomwa kikapozwa haraka. Na kile cha dirisha la keja yako, kinachovunjika kama visu, ni kioo cha kawaida tu.

Lakini historia ya lamineti si ya msee mmoja mwerevu na chupa moja. Ni historia ya kufeli na kupima. Lamineti za kwanza ziligeuka manjano kwa jua, na plastiki ikaanza kuachana na kioo. Ikabidi watafute plastiki nyingine, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 wakawa na ile inaitwa PVB, ambayo inatumika mpaka leo. Hata hapo bado. Kwa miaka, utando wa kioo cha gari ulikuwa milimita 0.38 tu, na kichwa cha mtu kikigonga kwa nguvu kilikuwa kinapita, halafu kioo kinakata shingo. Mwaka wa 1966, Marekani wakaanza kuweka milimita 0.76. Mara mbili tu ya unene, na vichwa kupita kukapungua sana.

Ndio maana leo kioo cha lamineti hakiaminiwi kwa macho. Kinateswa kwanza. Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa ya vioo vya magari, Nambari 43, wanachukua vipande vya sentimita 30 kwa 30, wanaangusha mpira wa chuma wa gramu 2,260 kutoka mita 4 juu. Kioo kinaruhusiwa kupasuka. Mpira hauruhusiwi kupita ndani ya sekunde 5. Kuna kichwa bandia cha kilo 10 kinaangushwa pia. Kuna kipimo cha joto: digrii 100 kwa saa mbili, halafu wanatafuta mapovu, kwa sababu mapovu yanaonyesha plastiki haijashika sawa. Na nje ya kanuni hiyo kuna kile kikali kuliko vyote: kioo kinagandishwa mpaka digrii 18 chini ya sufuri, kinapondwa na nyundo kote, halafu wanahesabu ni kiasi gani cha unga wa kioo kimebaki kimeshikilia plastiki. Alama ni 0 mpaka 10.

Ungedhani 10 ndio bora, sivyo? Hapana. Plastiki ikishika kioo sana, haiwezi kuvutika, na inachanika ikigongwa. Ikishika kidogo, vipande vinaruka. Wanatafuta katikati. Na kipande kilichopimwa kinatupwa. Unavunja vichache ili uamini vingine.

Sasa turudi mtaani.

Nilipoacha campo, nilifanya job miezi kadhaa na fundi wa vioo, upande wa stage ya 87. Job moja ilikuwa gorofa mpya ya kukodisha, ghorofa sita, balkoni zote na kioo. Mwenye jengo alilipia lamineti. Kilichokuja kilikuwa kioo kimoja cha kawaida, kimebandikwa karatasi ya rangi upande mmoja. Nilijua kwa sababu nilichukua kipande kilichobaki nikakipiga nyundo nyuma ya banda. Kikaanguka chini visu visu, karatasi ikachanika. Nikamwonyesha fundi. Akaniambia, "Kijana, nani ataenda kupiga kioo cha balkoni nyundo?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nataka siku yangu ilipwe.

Ninapita hapo kila siku. Kuna watoto wanaegemea hivyo vioo wakiangalia magari. Tata aliponiambia kuhusu dirisha lake, nilihesabu balkoni. Ziko 24. Jana nimeenda kwa mwenye jengo nikamwambia, na nikampelekea kile kipande. Bado hajaamua. Nitawaambia.

Fundi hakukosea kuhusu jambo moja: hakuna mtu huenda kupiga kioo nyundo. Tukinunua tunauliza bei, rangi na milimita, basi. Lakini 1998 hakuna mtu tao alikuwa amepanga kupima dirisha lake pia. Lilipimwa tu, Ijumaa asubuhi, na watu wakiwa wamesimama mbele yake.

Kwa hivyo fanya haya. Kwa gari, angalia kona ya chini ya kioo cha mbele. Tafuta herufi E kwa mduara na 43R, au alama ya viwango vya nchi kilikotoka. Kwa kioo cha nyumba, angalia ukingo kabla hakijawekwa kwa fremu. Lamineti ya kweli inaonyesha vioo viwili na mstari mwembamba katikati. Ukiona kioo kimoja na karatasi juu, hiyo si lamineti, hata kama risiti imeandikwa hivyo. Na kama unajenga au mzazi wako anajenga, omba kipande kilichobaki. Kifunge kwa gunia, vaa miwani, kipige nyundo. Kikishikana, lipa.

Halafu leo jioni muulize mamako, babako, tata yako: tarehe 7 Agosti 1998 ulikuwa wapi, na ulikuwa mbali kiasi gani na dirisha? Andika jibu hapa chini. Nitayasoma yote.