Mtikisiko wa Ubongo

Mtikisiko wa ubongo ni kuvurugika kwa muda kwa kazi za ubongo baada ya kichwa kusukumwa au kuzungushwa ghafla. Dalili zake ni kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau na kuumwa kichwa. Wengi hawapotezi fahamu, na picha za kawaida za hospitalini mara nyingi hazionyeshi jeraha. Wapo wanaoandika "mshtuko wa ubongo", lakini mshtuko umeshazoeleka katika "mshtuko wa moyo", ugonjwa wenye chanzo tofauti kabisa. Mtikisiko unafaa zaidi, kwa kuwa unataja tukio lenyewe.

Katika mpira wa magongo wa barafuni wachezaji huteleza kwa mwendo unaoweza kuzidi kilomita 30 kwa saa, na kanuni zinaruhusu kukumbana kwa miili. Bega likimpata mtu tayani kutoka upande, kichwa hupata michapuko (mabadiliko ya ghafla ya mwendo) miwili kwa pamoja: mnyoofu, unaokisukuma, na wa mzunguko, unaokigeuza juu ya shingo. Wa pili ndio hatari zaidi kwa ubongo. Ubongo ukibanwa haupungui ujazo, ila hupindika kirahisi. Fuvu linapogeuka, ubongo huchelewa kulifuata, na tabaka zake huvutana. Aksoni, nyuzi zinazopitisha ishara kati ya seli za neva, hunyooshwa kupita kiasi na kushindwa kufanya kazi. Mwanafizikia A. H. S. Holbourn wa Oxford aliitetea hoja ya hatari ya mzunguko mwaka 1943, akitumia vielelezo vya jelatini.

Hapo ndipo helmeti inapofika kikomo. Mchezaji Bill Masterton wa timu ya Minnesota North Stars, aliyecheza bila helmeti, alianguka kichwa kikapiga barafu Januari 1968, akafa siku mbili baadaye. NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, iliilazimisha helmeti kwa wachezaji wapya mwaka 1979, na ilikuwa sahihi: helmeti inazuia fuvu kupasuka. Mzunguko, hata hivyo, inaupunguza kidogo tu. Mchezaji Sidney Crosby alikuwa amevaa yake alipogongwa kichwani katika mechi mbili mwanzoni mwa Januari 2011, na hakurudi uwanjani hadi Novemba.

Kinga kubwa zaidi ni kuzuia pigo lenyewe. NHL ilipiga marufuku mwaka 2010 mapigo ya upande yanayolenga kichwa, na mwaka 2013 Hockey Canada, chama cha mchezo huo nchini Kanada, iliondoa kukumbana kwa miili katika michezo ya watoto wa miaka 11 na 12.